Dirisha la Mkaguzi

Shangazi yangu alipiga pasi nguo za watu maisha yake yote, na hakuna mtu atakayekuja kuhifadhi meza aliyopigia. Nalisema hilo mapema ili mjue mnazungumza na nani. Mimi nauza vipuri vya baiskeli. Mtu akija dukani kwangu na maneno marefu kuhusu urithi na kumbukumbu, namuuliza kwanza kama anataka pampu au hataki.

Lakini nyumba ile naijua. Ukiniuliza ni ipi nitakuonyesha nyingine, ila naijua. Leo ina kibao cha shaba mlangoni, kinachosema Mwandishi aliishi hapo utotoni, na kamba nyekundu mbele ya kila kitanda, na wageni wanavua kofia wakiingia. Mimi nimekimbia ndani yake bila viatu, nimemwaga chai kwenye sakafu yake, nimefinywa masikio jikoni kwake. Shangazi alipanga pale na mumewe tangu walipooana, wakati Mwandishi na wazazi wake walikuwa wameshahama zamani. Na siku hizo hakuwa Mwandishi wa kitu chochote. Alikuwa mtoto wa karani mmoja aliyewahi kupanga pale, akaondoka hata meno ya utoto hayajaisha, na mtaani hakuna aliyemkumbuka. Sifa zake zilikuja baadaye, huko mbali alikokwenda, na sisi tukazisikia redioni kama watu wengine.

Mume wa Shangazi alikuwa mwashi. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe, hata siku ya ugomvi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za asubuhi, jibu ulilipata mchana. Shangazi ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili.

Alifanya kazi kwa dobi wa barabara ya pili, katika chumba chenye meza mbili zilizofunikwa mablanketi makuukuu, na pasi za mkaa mpaka umeme ulipofika. Shati alianza nalo kwenye kola, kisha mabega, kisha mikono, mwisho kifua, na hakumwamini mtu anayeanza na kifua. Mkono wake wa kulia ulijaa alama za kuungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na alijua kila alama imetokana na nguo ya nani. "Hii ni suruali ya mwalimu mkuu," alikuwa akituonyesha. "Aliitaka saa hiyo hiyo, na asante hakusema." Jumapili alipigia nguo za watu nyumbani, akiongea peke yake na mashati kana kwamba wenyewe wamo ndani.

Walipata mtoto mmoja, wa kike, baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kuuliza. Mtoto huyo alikuwa kiguu na njia. Alipojua kutembea hakukalika; ungemkuta kwa fundi viatu, ungemkuta bombani, ungemkuta amekaa kwa watu ambao nyinyi wenyewe hamsalimiani nao. Kisha, alipokaribia umri wa kuanza shule, ikamjia homa. Homa ikaondoka, miguu ikabaki haina nguvu. Wakampeleka hospitali hii na ile, wakaambiwa maneno mengi, wakapewa vidonge. Safari ya mwisho Fundi alirudi naye mgongoni, akamlaza katika chumba cha upande wa barabara, akatoka uani kuchanganya zege ambalo hakuna aliyelihitaji.

Chumba hicho hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na tundu la hewa tu, juu kabisa, karibu na dari. Mtoto alilala pale akiusikia mtaa wote bila kuuona. "Nani anakohoa? Nani ameangusha ndoo? Hivyo ni viatu vya nani?" Shangazi aliacha pasi, akatoka mpaka barabarani, akarudi na jibu. Aliendelea hivyo mpaka nguo za watu zikaanza kuungua.

Jumapili moja Fundi akaingia chumbani na nyundo na tindo. Hakumwambia mtu. Alimhamisha mtoto, akalala yeye kitandani na penseli sikioni, akageuza shingo, akatia alama ukutani usawa wa jicho lake. Akainuka, akaitazama, akatikisa kichwa. Akamrudisha mtoto, akamwambia alale anavyolala siku zote, akatia alama nyingine chini ya ile ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo aliyoifuata. Nilikuwepo, nimekaa mlangoni nameza vumbi, na mpaka leo sijaona mtu mwingine akivunja ukuta kwa upole namna ile. Aliushikilia ukuta kwa mbao, akamwaga linta ya zege, ile boriti ya juu ya dirisha, akatia fremu aliyoiokota kazini. Dirisha lilikuwa chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kuchungulia ilibidi apige magoti.

Mwenye nyumba alikuwa mkono wa birika, na aliposikia ukuta wake umetobolewa alikuja mbio. Alipiga kelele uani, akapiga kelele sebuleni, akaingia chumbani kupiga za mwisho. Mtoto akamtazama kutoka kitandani.

"Babu," akasema, "kiatu chako cha kushoto kimefumuka nyuma. Nimekiona ulipokuwa unakuja. Fundi viatu yuko pale, hana mteja."

Mwenye nyumba akainua mguu. Kweli, kilikuwa kimefumuka. Akacheka mpaka akakaa chini, na habari ya ukuta ikaishia hapo. Tangu siku hiyo tukamwita Mkaguzi.

Na alikagua kweli. Alijua nani anachelewa kazini, nani amebadili njia ili asikutane na nani, nani ametoka kulia na kujipaka poda juu yake. Watu walizoea kuinama kumsalimu, na aliyepita bila kuinama aliitwa kwa jina lake mbele ya wenzake. Mimi nilipovaa gauni jipya ilibidi nipite mara mbili. "Rudi," alikuwa akiniambia, "sijaona mgongo. Hapo kwenye zipu pamevutika, mwambie mama." Alikuwa na ulimi wa mama yake na macho ya baba yake. Kuna miaka nilisahau kabisa kwamba ni mgonjwa.

Alikufa msimu wa mvua, kifua kimembana, asubuhi, watu wakianza kufungua maduka. Hakufikia kuwa msichana mkubwa. Shangazi alipiga pasi mwenyewe gauni la kumzikia. Dobi mwenzake alitaka kumpokea, akamkatalia. Alianza kwenye kola.

Fundi naye akafuata baadaye, vumbi la saruji lilikuwa limemmaliza mapafu. Shangazi akabaki peke yake katika nyumba ile, akahamia kulala kwenye kitanda cha mwanawe. Nilikuwa nikimpitia asubuhi na kumkuta amelala ubavu, macho barabarani, na yeye ndiye aliyekuwa akiniona kwanza. "Mnyororo wa baiskeli yako unalegea," alikuwa akiniambia kabla sijamwamkia. Hapo ndipo nilipokuwa nikimwona amepumzika.

Kisha Mwandishi akafa, huko huko mbali, na katika siku za maombolezo watu wakubwa wakakumbuka kwamba ana nyumba ya utoto. Watoto wa mwenye nyumba hawakungoja kuulizwa mara mbili, wakauza. Shangazi aliombwa kuhama, kwa adabu kabisa, akaletewa na maua. Waliompa maua ndio waliobomoa. Jiko la uani alilojenga Fundi likavunjwa, kwa sababu halikuwepo enzi za Mwandishi. Sakafu aliyoisugua Shangazi kila Jumamosi ikang'olewa. Rangi ikakwanguliwa tabaka baada ya tabaka mpaka wakaifikia ile ya zamani, na wakapiga makofi. Kila kitu chetu kiliondoka, isipokuwa dirisha.

Maana Mwandishi alikuwa amesimulia katika kitabu chake kimoja kwamba alianza kuwajua watu akiwa mtoto, kwa kutazama barabara dirishani. Nadhani alisema la sebuleni, ambalo ni dirisha la kawaida tu na lipo mpaka leo. Lakini hao wahifadhi walipoliona lile la chini, usawa wa mtoto, hawakutaka kusikia jingine. Wakasema ndilo. Likapigwa picha, likachapwa kwenye kadi na mabango. Siku moja alikuja dukani kwangu kijana anataka breki, na dirisha la Mkaguzi lilikuwa kifuani kwake, kwenye fulana. Nilimwambia breki zimekwisha, nazo zilikuwa zimejaa rafu nzima nyuma yangu.

Shangazi alikuja kukaa nami, chumba cha nyuma ya duka. Barabara ile hakuipita tena. Akienda sokoni alizunguka, jua liwe kali lisiwe kali, na mimi sikumuuliza.

Basi siku moja akaja binti mmoja, mwongoza wageni wa nyumba ile. Ningependa kumsema vibaya lakini siwezi, alikuwa mpole na aliamkia vizuri. Akatueleza kwamba kuna mtaalamu amekuja kuikagua nyumba, aseme kipi ni cha wakati wa Mwandishi na kipi kiliongezwa baadaye. Walikuwa wakitafuta mtu aliyeishi pale baada ya familia ya karani, awasaidie kukumbuka.

Binti alipoondoka Shangazi alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Nitakwenda," akasema mwishowe. "Nataka wamwandike."

"Wamwandike nani, Shangazi?"

"Mwanangu. Pale ukutani waandike kwamba dirisha ni lake, na baba yake ndiye aliyelikata. Sitaki kingine kwao. Hata kwa herufi ndogo."

Nilimwambia leo ndiyo leo. Nilimwahidi kwamba wakileta maringo nitawapa za uso mimi mwenyewe, na ninaweza. Aliipiga pasi nguo yake, akaivaa, akaivua, akaipiga tena.

Tulifika asubuhi. Kulikuwa na kundi la wanafunzi mlangoni, tukaingia nyuma yao. Binti wa kuongoza wageni alitusogeza mbele akaanza kueleza, na alikuwa anatia chumvi kidogo, kama inavyotakiwa na kazi yake. "Hapa," akasema sebuleni, akionyesha kiti kikubwa cha mito, "mama yake alikuwa akimsimulia hadithi."

"Hapa palikuwa na meza yangu," Shangazi akaninong'oneza. "Na hapo pembeni ndoo. Bati lilivuja."

Kila tulipoingia alikuwa akitazama chini kwanza, miguu ikitafuta sakafu yake. Palipokuwa na mlango wa kwenda jikoni kwake palikuwa na ukuta mtupu, umepakwa chokaa vizuri. Alisimama mbele yake kidogo, akaugusa kwa vidole viwili, jinsi alivyozoea kupima joto la pasi. Kisha akasema twende. Nilimwona anajikaza kisabuni, nikamshika kiwiko.

Chumba cha upande wa barabara kilikuwa na kitanda kisicho chetu, na nadhani hakikuwa cha wale wengine pia, na kamba mbele yake. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari mbele ya dirisha, wakipiga magoti mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu alikuwa amesimama kando, mtu wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefurahi kukupata. Kuna jambo linaninyima usingizi katika chumba hiki." Akamulika juu ya dirisha. "Linta nyingine zote za nyumba hii ni za mbao. Hii peke yake ni ya zege. Na plasta ya hapa haifanani na ya pale. Wenzangu wameshachapa mpaka kadi, lakini mimi nahisi dirisha hili lilikatwa baadaye."

Nikamwona ni mtu wa maana, nikamsamehe hata ile miwani. Nilimsukuma Shangazi kidogo kwa bega, yaani sema, mlango huo umefunguliwa. Akalamba midomo. Lakini mpiga pasi huigusa pasi kwanza kabla ya kuiweka kwenye nguo, akaanza na swali.

"Na kama lilikatwa baadaye?"

"Tutaliziba," mtaalamu akajibu. "Tofali za zamani tumeshazipata. Ni kazi ndogo."

"Mtaliziba."

"Nyumba inahifadhiwa kwa ajili ya mtu mmoja, mama. Tukiacha vitu vya kila aliyepita itakuwa nyumba kama nyumba nyingine."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Kwani hamwezi kuweka kibao mkaeleza limekatwa na nani, na kwa ajili ya nani?"

"Kibao tutaweka," akasema, bila kiburi hata kidogo. "Tutaandika kwamba hapa palikuwa na dirisha, likazibwa. Na kama kuna jina la kuandika, tutaliandika. Hilo nakuahidi."

Kumbe ndivyo mambo yalivyokuwa. Jina alilolijia lilikuwa pale, anapewa bila ugomvi, na ukuta mtupu wa kulibandika. Nilimtazama Shangazi. Yeye alikuwa anatazama dirishani. Msichana mmoja wa shule alikuwa amepiga magoti, kidevu kwenye kizingiti, na huko nje sijui aliona nini, akacheka kwa sauti, akamvuta mwenzake kwa sketi. "Njoo uone! Njoo upesi, anakuja huku!"

Shangazi akageuka kwa mtaalamu.

"Tulilikuta," akasema.

Nilidhani masikio yangu ndiyo mabovu. Mtaalamu naye akateremsha miwani.

"Mlilikuta hivi hivi? Na hii linta?"

"Mume wangu alikuwa mwashi. Ile ya mbao ilioza, akatia ya zege. Na plasta ni yeye, alirekebisha palipobomoka. Lakini dirisha tulilikuta. Mwenye nyumba alituambia limekatwa na yule karani, baba yake huyu Mwandishi wenu." Sauti yake ilikuwa imara, na alikuwa ananyoosha sehemu ya mbele ya gauni lake kwa kiganja, ananyoosha na kunyoosha. "Alimkatia mwanawe. Jumapili. Alilala kwanza mwenyewe kitandani, na penseli sikioni, akatia alama usawa wa jicho lake. Kisha akaona haifai, akamlaza mtoto, akatia nyingine chini yake. Ndiyo maana liko chini vile."

Binti wa kuongoza wageni alishika mdomo kwa mkono. Macho yalikuwa yamemjaa machozi ya furaha. Nami nilikuwa namsikiliza mjomba wangu Fundi, mtu aliyelichanganya zege lake kwa kilio, akivuliwa kazi yake bora kuliko zote na kuvishwa karani ambaye hatujamwona hata picha. Nilifungua kinywa, na Shangazi akanikamata kifundo cha mkono. Kama hujawahi kukamatwa na mkono ulioinua pasi ya mkaa miaka yote hiyo, huwezi kujua. Nilikifunga.

Mtaalamu hakuwa mjinga. Alipiga magoti, akalitazama dirisha tena, akapima kwa mkono kutoka kizingiti hadi kitanda.

"Ni usawa wa mtu aliyelala," akasema taratibu. "Si wa mtoto anayesimama. Na mtoto mzima wa afya hakatiwi dirisha la kulala. Huyu karani hakuwa na mgonjwa ndani." Akainua uso. "Samahani, mama, naomba nikuulize. Nyinyi mlikuwa na mtoto?"

Chumba kilikuwa na kelele za wanafunzi.

"Hatukujaliwa," Shangazi akasema.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

"Na humu alilala nani?"

"Hakuna. Tuliweka magunia ya mkaa." Kisha akaongeza, akicheka kidogo, kile kicheko chake cha dukani cha kumtuliza mteja: "Watoto wengine wana afya na bado ni wavivu wa kuamka. Labda alipenda kuona watu huku amelala. Mtu akiwa na akili nyingi humwezi."

Mtaalamu akacheka naye. Akasimama, akapangusa magoti, akamshukuru kwa mikono miwili. Alisema sasa atalala usingizi. Alisema dirisha halitaguswa, na atahakikisha wasije wengine baada yake wakaleta wasiwasi kama wake. Binti wa wageni hakuweza kungoja. Aliwageukia wanafunzi pale pale akaanza kuwasimulia, habari mpya kabisa, ya baba aliyelala kitandani na penseli sikioni ili mwanawe auone ulimwengu. Wanafunzi walimsogelea wote. Shangazi alisimama nyuma yao akasikiliza mpaka mwisho, mikono ameifumbata tumboni.

"Alama zilikuwa mbili," akamkumbusha binti alipomaliza. "Usiisahau ya pili."

Tulitoka. Tulivuka barabara, na mbele ya duka lililofungwa akakaa kwenye ngazi. Nilidhani ni jua. Nilianza kumpepea kwa kile kijikaratasi cha wageni tulichopewa mlangoni.

"Nimemkana," akasema. "Nimemkana mwanangu chumbani kwake."

Akalia. Siku ya mazishi hakulia hivyo, wala siku ya Fundi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mtu aliyekula chumvi nyingi, na wapita njia walikuwa wanageuka kutazama. Nilikuwa nimemkasirikia na nilikuwa nimemwonea huruma, vyote kwa pamoja, na zaidi ya vyote nilimwonea uchungu Mkaguzi, ambaye angekuwepo angetuona wote wawili pale ngazini na kuuliza mbona tunakaa juani. Nilikaa karibu naye mpaka akanyamaza. Nguo yake ilikuwa imekunjamana mbele kabisa, na hakuiangalia.

Tangu siku ile hakumtaja tena. Nilijaribu. Nilimwanzishia kisa cha mwenye nyumba na kiatu, ambacho zamani alikuwa akinipokonya katikati ili akimalize yeye, na aliniacha nikimalize peke yangu, kisha akaniuliza kama duka nimelifunga vizuri. Picha moja tuliyokuwa nayo ya mtoto kitandani, uso umegeukia mwanga, aliitoa mezani akaiweka chini ya nguo zake. Nikamuuliza sababu. Akasema wateja wanaingia na kutoka, huwezi kujua nani anajuana na nani.

Mwaka uliofuata moyo wake ukaanza kuchoka, miguu ikavimba, tukampeleka hospitali. Wodi ilikuwa na wagonjwa wawili tu, yeye na mwingine aliyekuwa amelala fofofo. Muuguzi alikuja mchana kumuuliza maswali ya kawaida, umri, kazi, maumivu yalianza lini. Shangazi alijibu yote vizuri, na la kazi alilijibu kwa mbwembwe.

"Watoto wangapi, mama?"

"Sikujaliwa."

Hakukuwa na mtaalamu pale, wala mwongoza wageni, wala mtu yeyote wa kumficha kitu. Nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia muuguzi, "Alikuwa naye mmoja, dada. Wa kike. Alifariki akiwa mdogo."

Shangazi aliinua mkono kutoka kwenye shuka, ule wa alama, akanivuta mkono wa blauzi kwa nguvu zote zilizobaki. Uso wake ulikuwa na hofu ambayo sikuiona hata walipomwambia hali ya moyo wake.

"Nyamaza, mwanangu," akanong'ona. "Wataliziba."

Muuguzi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akangoja. Nikanyamaza. Akaandika kwamba hana.